Siku Nane, Labda Tisa

Nilizima mashine kabla sijajua kwa nini.
Mkono ulitangulia, akili ikafuata.
Mbele ya gurudumu nyasi zilikuwa zimejitenga,
na ndani yake shimo, halizidi bakuli la uji,
limetandikwa manyoya, na manyoya yanapumua.

Bi Verlene alitoka na kandambili zake,
kikombe cha kahawa hakukiacha.
"Usiguse," alisema. "Kwanza tazama."
Ana miaka themanini na mmoja na goti la chuma;
akapiga goti moja, lile linalokubali.

Walikuwamo wanne. Mmoja ametupwa kando
kama soksi ya mtoto iliyodondoka toka kambani.
Akakipakata kiganjani, akakigeuza kwenye mwanga.

"Cha siku moja kiko uchi, cheusi-chekundu,
mfano wa kidole kilichokaa sana majini.
Cha siku tano kimeanza kuvaa, lakini ukipuliza
unaiona ngozi. Hiki, puliza. Umeona?
Huoni kitu. Haya, macho. Yamefumba.
Hapana, ngoja, nipe miwani. La kushoto lina ufa,
kama mlango wa mtu anayetaka kujua
nani kabisha hodi. Masikio bado yamelala.
Siku nane," alisema. "Labda tisa."

Na mama yake?
"Huja alfajiri, huja magharibi, dakika tano,
ananyonyesha, anaondoka. Akikaa nao
harufu yake itamwita paka. Kuwa mbali
ndiko kuwalinda kwake."
Sikumwambia kwamba namjua mama wa namna hiyo.

"Nawe, Barjas? Una miaka mingapi?"
Nilizaliwa Januari mosi, nikamjibu.
Baba, Januari mosi. Dada zangu wote wawili,
mjomba Khalaf, mkewe, mama mkwe wake:
Januari mosi. Karani wa kambini
alikuwa na foleni iliyotoka nje ya hema
na kalamu iliyokuwa inakauka.
Mama alimwambia nilizaliwa tini zikiiva, kule Sinjar,
mwaka mbuzi wetu mweusi alipozaa pacha.
"Mwaka gani huo?" aliuliza karani.
"Si nimekwambia? Mwaka wa pacha."
Akanitazama kidevu, akaandika alichoandika.

Bi Verlene hakucheka.
Alinitazama juu ya miwani, polepole,
vifundo vya mikono, shingo, masikio,
kitoto kingali kimelala kiganjani mwake.
"Kumi na saba," alisema. "Labda kumi na nane."
Karatasi yangu inasema ishirini na moja.

Tulikirudisha kwa wenzake, tukawafunika.
Juu yake alilaza nyuzi mbili za sufu, msalaba,
na kesho yake asubuhi nyuzi zilikuwa zimesogezwa,
moja imevutwa hadi kwenye waridi.
"Alikuja," alisema, akarudi kwenye kahawa yake.

Wiki mbili nilikata nyasi kwa kuzunguka.
Katikati ya uwanja kikabaki kisiwa kirefu, cha aibu,
jirani Dwaine akauliza kama mashine imeharibika.
Nikamwambia ndiyo.
Siku moja nilichungulia nikaona masikio yamesimama,
doa jeupe kwenye paji, mwili mzima sawa na ngumi yangu.
Siku iliyofuata shimo lilikuwa baridi.

Bi Verlene alihesabu kwa vidole, akaanza upya.
"Nilikosea siku mbili," alisema.
Kwenda mbele au kurudi nyuma?
Akatikisa kichwa. Alikuwa ameshasahau alipoanzia.

Mwezi wa nane, katika duka moja mjini Lincoln,
nilikuta tini kwenye kisanduku cha plastiki,
sita tu, ghali, zimepasuka kidogo midomoni.
Nilizila zote nimesimama kwenye maegesho,
jua kali, troli zikigongana.
Sikumwambia mtu ilikuwa siku gani.